Kipara cha Kuvutwa

Madaktari wa ngozi wana jina moja pana la kupotea kwa nywele: alopesia. Asili yake ni jina la Kigiriki la mbweha, mnyama ambaye ukurutu humwachia mabaka matupu mwilini. Chini ya jina hilo yamo maradhi mengi, na yanayozihusu sana saluni zetu ni yale yanayoletwa na nywele kuvutwa kwa muda mrefu: misuko iliyokazwa, rasta nzito, wiving za kushonea, nywele zinazobanwa nyuma kwa nguvu kila siku.

Mfasiri mwenye haraka atayaita "alopesia ya mvuto". Haifai. Mvuto kwa Mswahili ni haiba, na mgonjwa atasoma sifa mahali palipohitaji onyo. "Kipara cha kuvutwa" kinataja tokeo na chanzo chake, na hata asiyewahi kusikia alopesia anaelewa.

Vitenzi vyetu navyo vinastahili kutumiwa kwa uangalifu, maana vinaweza kumsaidia daktari. Nywele iliyokatika imevunjika njiani, mara nyingi kwa dawa kali au moto wa pasi, na mzizi umebaki. Nywele hupukutika kichwa kizima, jambo linalowapata wanawake wengi miezi michache baada ya kujifungua, kisha huota tena zenyewe. Kunyonyoka kuachiwe zile zinazong'oka sehemu moja kwa kuvutwa.

Maradhi ya kipara cha kuvutwa yalielezwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza. Afrika Kusini, tafiti za daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake zilizochapishwa mwaka 2007 ziliyakuta kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Karibu theluthi moja! Haya si mambo ya urembo tu.

Dalili za mwanzo zinajulikana kwa kila aliyesukwa: kichwa kinauma, vipele vinaota pembezoni mwa paji. Wengi huambiwa wavumilie, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Baadaye nywele za mbele na za kwenye panja hurudi nyuma, huku mstari mwembamba wa malaika ukisalia ukingoni.

Tiba ya kwanza ni kufumua. Misuko ifuatayo iwe minene na milegevu, tena isiwe juu ya nywele zilizotoka kutiwa dawa ya kulainisha. Ikiwahiwa, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kutuliza uvimbe, au minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu. Mizizi ikishageuka kovu, kinachobaki ni upasuaji wa kupandikiza nywele.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba aangaliwe tofauti. Huenda ni mapunye, yanayoletwa na fangasi, na hayo huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya shina la nywele.