Ushanga Mweupe Haupiti Ukonongo

Januari 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alishuka Unguja akiwa na kazi ya kumtafuta David Livingstone huko bara. Kabla ya kuajiri wapagazi, ilimbidi ajibu swali ambalo kila msafiri hujiuliza akifunga begi: nibebe hela gani, na kiasi gani? Vitabu vya waliomtangulia havikumsaidia. Jibu alilipata kwa Sheikh Hashid, mfanyabiashara Mwarabu aliyekwisha kutuma misafara yake bara. Watu 100, aliambiwa, watahitaji doti 10 za nguo kwa siku kwa ajili ya chakula peke yake. Doti moja ni yadi 4.

Kisiwani penyewe watu walihesabu kwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria ambayo kila mwaka ilitoka kiwandani ikiwa na tarehe ileile, 1780. Walitumia pia rupia za India na vipesa vyake vya shaba. Lakini sarafu hizo zilikuwa na mipaka. Msafiri akishaipa pwani kisogo, reale mfukoni haikumnunulia hata kibaba cha mtama. Njiani ilihitajika nguo, ushanga na waya. Stanley alivipanga kama sarafu: ushanga ndio shaba, nguo ndiyo fedha, na waya, ukishavuka Ziwa Tanganyika, ndio dhahabu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nyumbani ni Mpanda. Kwa hiyo niliposoma orodha yake ya shanga, jicho langu lilisimama kwenye jina moja: Ukonongo, nchi ya Wakonongo, ambao hadi leo utawakuta Inyonga na vijiji vya jirani katika Mkoa wa Katavi. Stanley aliambiwa kwamba Unyamwezi wanataka shanga nyekundu, samesame. Nyeusi zinapita Ugogo, kwingine hazina thamani. Nyeupe zinapokewa vizuri Ufipa, lakini Ukonongo zitadharauliwa.

Tazama ramani. Ufipa na Ukonongo ni majirani, na hadi mwaka 2012, Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa, nchi hizo zilikuwa ndani ya mkoa mmoja. Hata hivyo, kati yao palikuwa na mpaka wa hela. Msafiri mwenye magunia ya shanga nyeupe angekula vizuri upande mmoja, akalala njaa upande wa pili, huku mzigo wake ukiwa uleule na uzito wake uleule.

Shanga nyingi za biashara hiyo zilitengenezwa Venice. Nguo nyeupe ilitoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana tunaiita merikani mpaka leo. Ni rahisi basi kusema kwamba babu zetu walikuwa wapokeaji tu wa vitu vya wengine, na ni kweli kwamba waliokuwa na maghala Unguja, wakinunua pembe za ndovu kwa frasila, walijua bei za pande zote mbili wakati mkulima wa bara alijua upande mmoja. Faida kubwa ilibaki kwa mwenye kujua. Lakini mkulima huyo alikuwa na neno moja ambalo hata mwenye ghala aliliogopa: sitaki. Mwanamke wa Ukonongo aliyekunja uso mbele ya ushanga mweupe alikuwa anamwamulia mfanyabiashara wa Unguja anunue nini kutoka Ulaya. Mwenyeji ndiye aliyesema ipi ni hela.

Baada ya hapo haki hiyo ilihama mikono. Wajerumani walileta rupia yao, na mwaka 1904 wakaigawa kuwa heller 100. Neno letu «hela» ni mabaki ya sarafu hiyo. Unguja, chini ya ulinzi wa Waingereza, ilianza kutoa noti zake za rupia mwaka 1908. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Tanganyika ikahamia shilingi ya Afrika Mashariki, Unguja ikabaki na rupia. Kwa miaka hiyo, mtu wa bara aliyevuka kwenda kisiwani alikuwa amekwenda nje ya nchi kwa kila maana: ilimbidi abadilishe fedha. Ni mwaka 1936 tu ndipo shilingi ileile ilipoanza kutumika Unguja na Pemba. Mchimbaji wa madini ya risasi Mpanda, aliyelipwa mshahara miaka ya 1950, wakati reli kutoka Kaliua ilikuwa ndiyo kwanza imefika mjini kwetu, alishika sarafu ambayo ingenunua halua Darajani bila kupita kwa mbadilishaji.

Hela hiyo, hata hivyo, ilitolewa na bodi ya kikoloni. Yetu ilikuja tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa, na sarafu ikawa jambo la Muungano. Mimi naisoma siku hiyo kama ahadi: kwamba mtu wa Mpanda akivuka bahari, hela yake haivuki mpaka.

Miaka michache iliyopita nilikwenda na rafiki zangu kwenye ufukwe mmoja wa mashariki ya Unguja. Menyu ya chakula ilikuwa na bei za dola peke yake. Nikamuuliza mhudumu, kijana wa rika langu, kama naweza kulipa kwa shilingi.

«Unaweza, dada yangu, ila tunapiga kwa reti yetu.»

Reti yao ilikuwa juu ya ile iliyobandikwa kwenye duka la kubadilishia fedha tulilolipita mjini asubuhi. Nikalipa, kama walivyolipa wenzangu.

Wenye biashara wana hoja yao, na haifai kuidharau. Mwaka 1966 dola moja ilikuwa kama shilingi 7. Leo inazidi 2,000. Anayeagiza mvinyo na vipuri kutoka nje, na ambaye mgeni wake analipa akiwa Ulaya miezi mitatu kabla ya kufika, anatafuta hela isiyoyeyuka mkononi. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 ilihalalisha maduka ya kubadilisha fedha baada ya miaka mingi ya kubanwa, na dola ikatoka mafichoni ikaketi mezani. Lakini mezani hapo imefanya kazi ya ushanga mwekundu: inamwambia anayeingia kama alitarajiwa au la. Tofauti ni kwamba safari hii anayekunjiwa uso ni mwenyeji.

Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Nafurahi, ingawa kubadili alama kwenye menyu ni kazi ya dakika tano. Dola 40 ikigeuzwa shilingi inabaki kuwa bei iliyopangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ila kuna jambo moja ambalo bei ya shilingi inalifanya na ya dola hailifanyi. Mkulima wa Mpimbwe aliyeuza mahindi yake akapanda treni, kisha boti, akiitazama anajua papo hapo ni magunia mangapi. Anaweza kukaa, anaweza kuomba apunguziwe, na anaweza, kama bibi yake wa Ukonongo, kusema sitaki.