Jembe la Mwalimu Apolo

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: ng'ambo, jembe, Mboga. Leo tutayahitaji.

Tukisikia habari za watu wa kanisa waliokwenda ng'ambo kuwasaidia Wakristo wa vijijini, mara nyingi tunawaza bahari, meli na Wazungu. Lakini ng'ambo ni upande wa pili tu, hata wa mto. Leo tutasimulia habari za Mwafrika aliyekwenda ng'ambo kwa miguu. Jina lake ni Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda, yapata mwaka 1864. Ujanani alikuwa askari. Mwaka 1895 alibatizwa, na mwaka huo huo kanisa lake la Kianglikana likampeleka Toro, magharibi ya Uganda, awe mwalimu. Siku zile dini na kusoma vilikwenda pamoja, hata Wakristo wakaitwa "wasomaji". Hivyo na sisi, wanafunzi wenzangu, tunaweza kumwita ndugu yetu.

Magharibi ya Toro liko bonde la mto Semliki, utokao Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert. Ukivuka mto na nyika yake, kisha ukipanda mlima wa upande wa pili, unafika Mboga. Leo Mboga imo katika nchi ya Kongo.

Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda Mboga, lakini mambo yakawashinda. Chifu Tabaro hakutaka watu wake wawalishe. Nao hawakuzoea kulima, kwa maana katika Buganda kulima migomba kulikuwa kazi ya wanawake. Njaa ikawarudisha.

Mwaka 1896 ikawa zamu ya Apolo. Habari za njaa ile alikuwa nazo. Je, alifanya nini? Njiani alinunua jembe.

Natutafakari habari ya jembe hilo. Mgeni asiye na jembe hungojea mwenyeji ampe chakula. Siku mwenyeji akikasirika, safari imekwisha. Mwenye jembe aweza kukaa. Tena wenyeji humwona akitoka jasho katika udongo ule ule wanaolima wao. Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu. Alikuja nalo mwenyewe.

Lakini jembe halikuondoa taabu zote. Tusimdharau Tabaro, naye alikuwa na sababu zake. Dini mpya ilikataza ulevi na wake wengi, na chifu aliona mila za nchi yake zinaguswa. Apolo alipigwa sana. Kisha dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashitakiwa kwa kifo hicho. Alipelekwa Toro kwa Waingereza, akafungwa. Baadaye akaachiliwa. Angeweza kwenda kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga. Mwisho Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Baadaye kanisa lilimwita Apolo afanye kazi Toro tena, na mwaka 1903 akapewa ukasisi. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipanga mipaka, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo, chini ya Wabelgiji. Wakristo wa Mboga wakatengwa na wenzao wa Uganda. Mwaka 1915 Apolo aliuvuka mpaka huo, akarudi kwa watu wake. Tangu mwaka 1921 aliingia pia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti. Alisaidia kuitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao, wasikie habari hizo kwa maneno yao wenyewe.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Wenyeji waliendelea nayo. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya askofu wa kwanza wa Kianglikana katika nchi ile.

Basi tujifunze nini? Wengi huenda mbali kuwasaidia wengine, wakawaachia zawadi na kurudi kwao. Zawadi ni njema, lakini huisha. Kazi ya Apolo ilidumu kwa kuwa alilima pamoja na watu, akajifunza lugha zao, akawafundisha kusoma, nao wakawa walimu wa wenzao.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini walimu wawili wa kwanza waliondoka Mboga?
2. Kwa nini Tabaro aliikataa dini mpya?
3. Mgeni akija kijijini kwenu kuwasaidia, mngependa aje na nini mkononi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.