Ushirikiano wa Walimu na Wazazi katika Chekechea za Madrasa

Ushirikiano wa walimu na wazazi ndio nguzo ya chekechea za madrasa zilizoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani kumwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Mpango wa chekechea hizo, unaoendeshwa chini ya Aga Khan Foundation, ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Chekechea haifunguliwi mpaka jamii iridhie. Hufanyika mikutano mtaani au kijijini, kisha makubaliano: jamii hutoa jengo na kuchagua kamati ya shule, na kituo cha mpango huwafunza walimu. Wengi wao ni wanawake wa palepale, na hilo lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Mzazi humwuliza mwalimu habari za mwanawe sokoni au harusini, bila kungoja barua. Mwalimu naye hujua nani kafiwa, nani kasafiri, nani kakwama kwa ada.

Wazazi huleta vifuu, kombe za pwani, vizibo vya chupa na mabaki ya vitambaa, wakakaa na walimu kutengeneza vifaa vya kuhesabia na kuchezea. Kazi hiyo huwavuta hata wasiojua kusoma, ambao ripoti ya maandishi ingewaacha nje. Ugumu uko kwenye fedha: ada ni ndogo na huchelewa, na malipo ya mwalimu huchelewa nayo. Ndiyo maana hesabu za shule husomwa hadharani, mbele ya wazazi.