Nehemia Alianza kwa Kukagua

Wengi wetu tunaokaa Buzuruga tunaikumbuka stendi ilipojaa mabasi ya mikoani. Mama lishe, wapiga debe, wabeba mizigo na wenye gesti walipata riziki hapo. Mabasi yalipohamishiwa Nyamhongolo, riziki ilipungua, na vijana waliozoea kuishi kwa stendi wakabaki vibarazani. Hata hivyo tusijidanganye: unga ulikuwepo kabla ya hapo.

Heroini iliingia nchini kupitia pwani miaka ya 1980, ikaenea mijini miaka ya 1990. Sheria ya kuzuia biashara hiyo ilitungwa mwaka 1995, na nyingine kali zaidi mwaka 2015. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na mwaka 2018 tiba hiyo ikafika kwetu Mwanza, katika Hospitali ya Sekou Toure. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Inatuliza arosto, hivyo mtu anaweza kushinda kazini badala ya kushinda akisaka kete.

Na sisi kanisani tulifanya nini? Tulikemea. Bomba la uwanjani lilipong'olewa likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tulinunua kufuli. Taa tulizozichangia zilipokatwa nyaya, tulisema mtaa huu hautajengeka kwa sababu ya mateja. Ni kweli walitubomolea. Lakini baadhi yao tuliwabatiza wenyewe na kuwapa kipaimara.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kujenga. Alitoka usiku, akakagua mahali palipobomoka. Ndipo akawaita watu, na wengi wakajenga mbele ya nyumba zao. Nasi tulipoanza kutembelea nyumba badala ya kuhesabu vilivyoibwa, tulikuta kijana aliyeacha tiba kwa kukosa nauli. Dawa ni bure, lakini daladala ya kwenda na kurudi kila siku si bure. Mama yake alikuwa ameketi nasi ibadani kila Jumapili, akiona haya kutuambia.

Sasa sehemu ya sadaka ya diakonia ni nauli. Kijana huyo amerudi kwenye tiba. Mwenzake ameanguka mara mbili, na tunamfuata tena. Kufuli bado iko getini, na hatuoni aibu kusema hivyo. Ila ufunguo tumeukabidhi kwa yule mama.