Fundi ana cheti, kibarua je? Historia ya usalama kwenye mjengo

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, makarani wa serikali ya Kiingereza walikuwa na hesabu iliyonyooka. Wafanyakazi 31,983 walikuwa wameletwa kutoka Bara Hindi. Kati yao, 2,493 walifariki, na wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Hao ni wale walioandikwa. Waafrika waliofyeka vichaka, kuchimba matuta na kubeba mizigo kando ya njia hiyo hawamo katika hesabu hiyo.

Simulizi za reli ile zimetawaliwa na simba wawili wa Tsavo waliowatia wajenzi kiwewe mwaka 1898. Lakini simba waliua makumi ya watu, ilhali maradhi na ajali viliua mamia kwa mamia. Mkataba wa miaka mitatu ulitaja mshahara, posho ya chakula na nauli ya kurudi nyumbani. Usalama wa mtu aliyepasua mwamba kwa baruti au kusimama juu ya daraja la mbao uliachwa mikononi mwa nyapara wake.

Kwa miaka mingi iliyofuata, mambo yaliendelea hivyo. Anayetaka kuelewa kwa nini leo mtu anaweza kuingia kwenye mjengo wa Nairobi au Dar es Salaam saa moja asubuhi, akapewa koleo bila kuambiwa neno lolote kuhusu shimo analokwenda kuchimba, hana budi kufuatilia jinsi sheria ilivyomfikia mfanyakazi wa ujenzi: kwa kuchelewa, na kwa mafungu.

Karatasi ya kwanza ambayo mfanyakazi Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kutembea nayo ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kilikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Kukamatwa bila kipande lilikuwa kosa. Serikali ilikibuni ili anayetoroka kazi asakwe na kurudishwa; kama mwenye kipande aliwahi kufundishwa kazi aliyopewa, hilo halikuwa shauri la serikali.

Ufundi wenyewe ulifundishwa kwingine. Mwaka 1924 serikali ilianzisha chuo cha ufundi Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mahali ambapo leo pana Kabete National Polytechnic. Vijana walijifunza uashi, useremala na uhunzi, na mikono yao ilijenga shule na majengo mengi ya serikali. Hata hivyo, waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache. Wengi walijifunza kwa kumfuata fundi. Kijana alianza kama saidia fundi: anachanganya udongo, anabeba matofali, anapitisha karai. Akionekana mwepesi wa kushika, siku moja anakabidhiwa mwiko na kuachiwa kipande cha ukuta.

Njia hiyo imezaa mafundi hodari ambao hawakuwahi kukaa darasani. Tatizo lake ni kwamba mwanafunzi hurithi kila kitu. Fundi aliyezoea kutembea juu ya ubao mmoja bila kishikio humfundisha mwenzake kutembea hivyo hivyo. Asiyewahi kuona mfereji ukikingwa kwa mbao kabla mtu hajashuka hatajua kwamba unatakiwa kukingwa, na atakapokuwa fundi mkuu atawatuma wengine chini kwa moyo mweupe.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo la wafanyakazi wenyewe. Januari 1947 Mombasa ilisimama: makuli wa bandarini, watu wa reli na watumishi wa nyumbani na hotelini waligoma pamoja. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam nao wakaweka mizigo chini. Kufikia mwisho wa muongo huo, kipande kilikuwa kimeanza kuondolewa Kenya, na sheria za kumlipa fidia aliyeumia kazini zilikuwa zimetungwa katika nchi zote mbili. Mwaka 1950 Kenya na Tanganyika kila moja ikapata Sheria ya Viwanda, zote zikifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1937.

Sheria hizo zilikuwa na manufaa ya kweli. Mkaguzi alipewa mamlaka ya kuingia kiwandani, mwenye kiwanda akatakiwa kuziba magurudumu yanayozunguka, na boila za mvuke zikawa na ratiba ya kukaguliwa. Lakini macho ya sheria hizo yalikuwa kwenye mashine iliyokaa mahali pamoja. Mjengo haukai mahali pamoja. Leo ni shimo, mwezi ujao ni nguzo, mwakani ni ghorofa ya tano, na hatari inabadilika kila kazi inapopanda.

Kenya ilisubiri hadi mwaka 1984 ndipo ikapata kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya kazi za ujenzi hasa. Kanuni hizo zilizungumza lugha ya saiti: majukwaa ya kufanyia kazi, ngazi, winchi, mifereji, ubomoaji wa majengo. Zilimtaka mkandarasi mwenye watu wengi amteue msimamizi wa usalama mwenye uzoefu, na kazi kama kufunga na kukagua jukwaa ifanywe chini ya macho ya mtu anayeijua. Kwa mara ya kwanza, ujuzi wa usalama ukawa sharti la kisheria kwenye mjengo. Lakini sharti hilo lilimhusu mtu mmoja kati ya makumi; wengine wote walitarajiwa kumsikiliza.

Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kuangalia tu. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa takribani tani moja na nusu, hivyo mtu aliyefunikwa hadi kifuani huenda asiweze kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje. Zege huonekana gumu siku inayofuata, lakini nguvu yake hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Anayeng'oa mapema mirunda inayoshikilia dari ili akaitumie ghorofa ya juu anaondoa kinachobeba mzigo ambao dari hilo bado haliwezi kuubeba lenyewe. Saruji mbichi huchoma ngozi polepole, na kibarua anayesimama ndani yake bila gambuti anaweza kuyasikia maumivu wakati ngozi imekwisha kuharibika. Vumbi la jawe linalokatwa kwa mashine huingia mapafuni likakaa humo miaka mingi. Haya ndiyo yanayofundishwa katika kozi za usalama, na mengi yanaweza kuelezwa kwa asubuhi moja.

Majanga yaliilazimisha serikali kuyasikiliza mafunzo hayo. Mwezi Mei 1996 jengo la Sunbeam liliporomoka katikati ya Nairobi na kuua watu. Januari 2006, katika eneo la Nyamakima jijini humo, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa lilianguka likiwa na wafanyakazi ndani, na waokoaji walisafiri kutoka Israeli kuja kusaidia kufukua kifusi. Mwaka uliofuata Bunge la Kenya lilipitisha sheria tano za kazi kwa mkupuo, miongoni mwao Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeruhi wa Kazini, zote za mwaka 2007.

Sheria hiyo ya usalama iligeuza mambo juu chini. Inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe ni wa kudumu au wa muda. Inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Wafanyakazi wakifika 20, lazima iundwe kamati ya usalama ambayo wao wenyewe wana wawakilishi ndani yake. Mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa na kufanyiwa ukaguzi wa kina angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi akiona hatari kubwa na kuitolea taarifa, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale kabla haijaondolewa. Ajali ikiua mtu, taarifa itolewe ndani ya saa 24.

Tanzania ilikuwa imetangulia kidogo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa Agosti 2001, na sheria mpya ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile ya kikoloni. Makandarasi walikuwa tayari na bodi yao ya usajili iliyotokana na sheria ya mwaka 1997. Juu ya karatasi, kila kitu kilikuwepo. Kisha ikaja Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaporomoka. Watu 36 walifariki. Baadhi walikuwa wajenzi waliokuwa kazini, na wengine walikuwa watoto waliokuwa wakicheza jirani. Miaka miwili baadaye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi, na mwajiri akatakiwa kuuchangia kabla ajali haijatokea.

Kenya ilikwenda hatua nyingine iliyomgusa fundi mwenyewe. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Makandarasi walipangwa katika madaraja manane, kuanzia NCA 1 la wakubwa hadi NCA 8 la wadogo, na wakatakiwa kuendelea kuhudhuria mafunzo ili kulinda usajili wao. Kilicho kipya zaidi ni kwamba wasimamizi wa saiti na mafundi nao walitakiwa kutambuliwa na mamlaka: mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mpaka rangi, mfunga nondo. Fundi asiye na cheti cha shule alikuwa na mlango wa kupitia, yaani mtihani wa ufundi wa serikali wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambao hupima mkono wake kwa vitendo. Tanzania nayo, kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilianza kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani: mtu anapimwa anachokijua, anajaziwa mapengo, kisha anapewa cheti.

Faida ya cheti hicho haikuishia kwenye usalama. Fundi aliyetandaza vigae miaka 20 kwa kupendekezwa na majirani sasa angeweza kuomba kazi kwa mkandarasi mkubwa na kudai ujira unaolingana na daraja lake. Na kwa kuwa somo la kujikinga linaambatana na somo la ufundi, saidia fundi anayekaa chini yake anapata mwalimu aliye bora kuliko yule aliyemfundisha yeye.

Kuna wanaokwepa. Makandarasi huazimana leseni, mwenye daraja la juu akichukua zabuni na kumwachia kazi asiye na sifa. Wenye nyumba hujenga usiku au siku za mapumziko, wakaguzi wakiwa majumbani. Wakaguzi wenyewe ni wachache kuliko majengo yanayochipuka Kasarani na Ruaka upande wa Nairobi, au Mbagala na Kimara upande wa Dar es Salaam. Lakini pengo kubwa kuliko yote haliko kwa wanaovunja sheria. Liko siku ya kumwaga zege.

Siku hiyo saiti iliyokuwa na watu 15 huamka na watu 60. Vibarua huchukuliwa alfajiri langoni au kwenye njia panda wanakosubiri kazi. Wanapanga mstari kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia hadi juu ya dari, ndoo na karai zikipita mkono kwa mkono, kwa sababu zege haliwezi kusubiri. Ndiyo siku ambayo mirunda inabeba mzigo mkubwa kuliko siku zote, na ndiyo siku ambayo dari limejaa watu wasiojua mirunda hiyo imesimamishwa vipi. Fundi aliye na cheti yuko pale, mkandarasi aliyesajiliwa pengine yuko pale. Wale 45 wa siku moja hawana cheti, wengi hawana kofia ngumu, na jioni wanalipwa mkononi na kutawanyika.

Akiumia mmoja wao, mgogoro huanza na swali la kama alikuwa mfanyakazi kweli. Sheria ya fidia ya Kenya inawapa wategemezi wa aliyefariki kazini kiasi cha mapato ya miezi 96, lakini sheria hiyo yenyewe ilikaa mahakamani zaidi ya miaka kumi ikipingwa, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha mnamo Desemba 2019. Kwa familia ambayo haina hata karatasi yenye jina la mwajiri, haki hiyo bado iko mbali.

Makandarasi wanaojali wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kabla ya kazi kuanza, kila aliyeingia langoni anaandikwa jina na namba ya simu ya ndugu. Anapewa kofia na gambuti za akiba. Msimamizi anawakusanya kwa robo saa, anawaonyesha pa kukanyaga na pasipokanyagwa, njia ya kutokea na mtu wa huduma ya kwanza. Robo saa hiyo haimpi mtu cheti, lakini humwezesha kuijua hatari kabla ya kukutana nayo. Gharama yake ni vifaa na ujira wa dakika 15 kwa kila mtu, na sheria ya Kenya ya 2007 ilimtwika mwajiri gharama hiyo tangu siku ilipoanza kutumika. Linalosubiriwa ni wakaguzi wa kutosha kufika langoni siku ya kumwaga zege na kulidai daftari lenye majina hayo.