Makondere ya Karagwe na Istilahi ya Kordi

Mwaka 1861 Speke, aliyekuwa mgeni wa Omukama Rumanyika wa Karagwe, ambako Kyerwa ilimegwa kuwa wilaya mwaka 2012, alisikia bendi ya vyombo vya kupuliza na ngoma. Katika makondere kila baragumu hutoa sauti moja tu. Wapigaji hupokezana hata wimbo ukatimia. Jina hilo, japo ni letu, halifai kuazimwa kwa sauti tatu au zaidi ziliazo kwa pamoja. Hizo hupewa jina la sauti ya msingi: do-mi-so, yenye nusutoni 4 kisha 3, ni kubwa ya do, la-do-mi, yenye 3 kisha 4, ni ndogo ya la. Wengine huandika “kodi”. Mtozaji ushuru atashtuka. Napendelea “kordi”.