Halo-halo na Hamza Isiyoandikwa

Mswahili akiliona jina halo-halo limeandikwa, hulisoma pasi na taabu. Silabi zake nne zote ni wazi, irabu ni zile zile za kwao, na mkazo ataukalisha penye silabi ya kabla ya mwisho kama ilivyo desturi ya ulimi wake. Atakuwa amelikaribia mno kuliko Mwingereza alitamkaye "heilo", kama lile duara la nuru lichorwalo juu ya vichwa vya watakatifu, na kuliko Mhispania ambaye h ya mwanzo humfia kinywani. Hata hivyo mwenyeji wa Manila atasikia kuna kitu kimepungua. Neno lake haliishii kwa o iliyoachwa wazi. Huishia kwa koo kufungwa ghafla, mfano wa hamza anayoisimamia msomaji wa Kiarabu mwishoni mwa neno samaa, mbingu.

Halo kwa Kitagalogi ni kuchanganya, na kulirudia neno ni kutaja mchanganyiko wa hiki na kile. Ndicho chakula chenyewe: barafu iliyoparuzwa ikajazwa katika bilauri ndefu, juu ya maharage yaliyopikwa kwa sukari, ndizi, fenesi na nyuzi za nazi, ikamiminiwa maziwa ya kopo, na mara nyingi ikavikwa taji la kiazi kikuu cha rangi ya zambarau. Mlaji hukoroga mwenyewe. Huliwa alasiri, wakati wa kile Wafilipino wakiitacho meryenda, neno walilolipokea kwa Wahispania. Barafu nayo ilikuja kuwa kitu cha kila siku baada ya Wamarekani kujenga kiwanda chake Manila mwaka 1902. Na wanahistoria wa mapishi huwataja Wajapani waliouza maharage matamu kwa barafu mjini humo kabla ya Vita Vikuu vya Pili, chakula kilichoitwa mongo con hielo, jina nusu la kienyeji na nusu la Kihispania. Karibu kila kilichomo bilaurini kina mgeni wa kushukuriwa. Jina halina.

Lakini jina hilo halikupata kuandikwa kamili. Watagalogi walikuwa na hati yao, baybayin, yenye herufi kumi na saba, tatu za irabu na kumi na nne za konsonanti. Kidoto juu ya konsonanti kiliifanya isomeke kwa i au e. Kidoto chini, kwa o au u. Msomaji wa tenzi za kale za pwani hatashangaa, kwa kuwa naye amezoea kuiona dhumma moja ikibeba o na u, na maana ndiyo iliyomwongoza kuchagua. Halo katika baybayin ni herufi mbili tu, ha na lo, au ha na lu, upendavyo. Hamza ya mwisho haikuwa na alama.

Mapadri wa Kihispania walipoleta herufi za Kilatini hawakuiponya kasoro hiyo. Doctrina Christiana, iliyochapwa Manila mwaka 1593, iliweka Kitagalogi katika hati zote mbili, ya wenyeji na ya wageni. Mwaka 1613 Pedro de San Buenaventura akachapisha kamusi yake huko Pila, kwa mkono wa mchapaji Mtagalogi, Tomas Pinpin. Kilatini kikawapa Watagalogi herufi mbalimbali kwa o na u, tofauti ambayo lugha yao haikuihitaji sana, kisha kikawanyima herufi ya kikwamo cha koo walichokihitaji kila siku. Maana bata yenye hamza ni mtoto. Bata isiyo na hamza ni joho la kuvaliwa nyumbani. (La kwetu linaloogelea halimo.)

Lope K. Santos, mwandishi na mshairi, ndiye aliyeweka mambo sawa katika sarufi ya lugha ya taifa iliyotoka mwaka 1940. Aliyagawa maneno mafungu manne kwa mkazo na hamza, akayapa majina ya Kitagalogi na vialama vya kuwekwa juu ya irabu. Halo likaingia fungu la malumi, mkazo kabla ya mwisho na koo kufungwa, likaandikwa halò. Vitabu vya shule vilivitumia vialama hivyo. Magazeti na vibao vya maduka vikavipuuza. Mswahili asilaumu upesi: barabara ya kupita na barabara ya "sawasawa" zaandikwa namna moja, na maandishi ya kawaida hayazipi alama. Katika miaka ya 2010 Komisyon ya Lugha ya Kifilipino ilipendekeza chakula kiandikwe haluhalo, na halo-halo ibaki kwa mchanganyiko wa vitu vyovyote. Wauzaji wengi wakaendelea na halo-halo yao.

Walioitunza hamza tangu zamani ni washairi. Francisco Balagtas, mtunzi wa Florante at Laura ya mwaka 1838, alitunga beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na mbili zenye pumziko baada ya sita, na kina kimoja kwa ubeti mzima. Fundi wa Mombasa au Lamu angezihesabu kwa vidole vyake vile vile. Ila katika sanaa hiyo kina si suala la herufi. Neno lenye hamza mwishoni halikubaliwi kuwa kina na lisilo nayo. Ulo, kichwa, laishia kwa lo kama halo, na machoni ni vina safi. Sikioni mwa mtunzi wa Kitagalogi ni kosa. Puso, moyo, lisilo na hata l, hufungwa kooni kama halo. Hayo mawili yakikaa mwishoni mwa mishororo, ubeti umetimia.